Kesho

Simu imelazwa juu ya shuka, karibu na goti lake,
sauti imefunguliwa hadi mwisho.
Ndicho kikao chetu: Endreo yuko Kireka,
Ocokoru yuko Koboko, kwenye kinu cha mumewe, mashine inanguruma,
Buatre amesimama mlangoni na vumbi la chaki kwenye mkono wa shati,
na mimi Candiru, niliyepewa jina la dhiki,
nimeshika kikombe cha uji uliopoa.

Katikati yetu amelala mama,
na upande wake wa kulia hautii amri.

Maneno yamemtoka. Kilugbara cha kwao Terego,
alichotubembelezea, alichotugombezea, kimekwenda.
Limebaki moja la Kiswahili, la sokoni:
kesho.
Ukimuuliza panapouma, kesho.
Ukimgeuza, kesho.
Jina langu mimi, kesho.

"Mleteni Kampala," Endreo anasema. "Kuna kipimo cha kichwa,
kuna madaktari wa mishipa. Uzeni kiwanja cha Oli."
Buatre anaicheka simu. Kiwanja cha Oli
ndiko alikojenga vyumba viwili na choo
kwa mshahara wa ualimu, tofali baada ya tofali.
"Saa nane ndani ya basi? Shingo hiyo haifiki hata Karuma."
"Unahesabu tofali zako."
"Na wewe hesabu. Mara ya mwisho ulimwona lini?"
Ocokoru anakatika, anarudi: "Mpelekeni nyumbani.
Mama hakuwahi kupenda kitanda cha watu."
"Nani atamgeuza usiku?" nauliza.
Mashine ya kusaga ndiyo inayojibu.

Kisha mama: kesho.

"Mmesikia?" asema Endreo. "Mwenyewe anataka safari."
"Kesho maana yake si leo," asema Buatre. "Msimsumbue."
"Kesho nitakuja," asema Ocokoru, analia,
na hiyo ni mara ya nne tangu Jumatatu.

Mimi nanyamaza. Lipo ninalolijua peke yangu.
Asubuhi ile sufuria ilipomponyoka na mdomo ukaenda upande,
sikuita bodaboda. Nilimpigia Endreo.
Endreo akasema mpigie Buatre, ndiye aliye karibu.
Buatre alikuwa darasani.
Ocokoru akasema tuombe kwanza,
tukaomba hadi salio likakatika kabla ya amina.
Toka mlangoni kwetu hadi hospitalini
hata chai haijachemka umefika.
Daktari akauliza: ilianza saa ngapi?
Nikapunguza saa tatu.

Na lipo la pili. Tangu sijaota meno ya utu uzima
niliketi naye nyuma ya lundo la angara,
samaki wakavu walionuka hadi ndani ya madaftari yangu.
Walipokuja wa kukopa, mke wa askari,
yule fundi baiskeli mwenye watoto pacha,
hakusema hapana, hakumwaibisha mtu.
Alifuta sahani ya mizani kwa pindo la kanga, akatabasamu:
kesho.
Wakija siku ya pili: kesho.
Walielewa wote. Ilikuwa hapana
iliyovishwa nguo ya kanisani.

Nazima simu. Endreo ameachwa
katikati ya neno "jukumu".
Buatre anasema ana kipindi saa nane, anaondoka
bila kufunga mlango.
Nasogeza sikio kwenye mdomo uliopinda.

"Kampala, mama?"
Kesho.
"Nyumbani?"
Kesho.
"Zile saa tatu," nasema. "Unanisamehe?"

Hasemi kitu.
Mkono wa kushoto unatoka chini ya shuka,
unafuta kitanda, polepole, kwa mduara,
pale pale, pale pale,
hadi kikunjo kinanyooka.

Naenda kuupasha uji.